Eda Iliyoikataa Kalenda

Iyunga, Mbeya
Jumatano, 26 Novemba

Dada yangu Hanifa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuuliza hali wewe kwanza kabla hujaniuliza yangu, maana yangu ni ndefu na nikishaianza sitarudi tena kwenye salamu. Mama yu hali gani? Yale magoti yake yamepoa, au baridi ya Iringa bado inamkamata kila akiinuka kwa ajili ya Alfajiri? Shemeji na watoto je? Na dukani, vitenge vinatoka? Mimi mwili ni mzima kiasi, na hilo neno kiasi utalielewa ukifika chini. Huku Iyunga mvua zimeanza, malori yanapanda barabara kuu yakinguruma usiku na mchana, na bati lile la jikoni linavuja tena mahali pale pale.

Najua umeshangaa kuletewa barua zama hizi, wakati simu ninayo na wewe unayo. Usicheke. Wewe Dada huongei na simu bila kufungua spika. Mara ya mwisho nilipokupigia kukueleza kwamba sipati usingizi, mteja wako aliyekuwa anapimiwa kitenge akanishauri ninywe mchaichai. Nilimshukuru, lakini haya ya leo si ya wateja. Na meseji watoto wako huzisoma kabla yako. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, bahasha nitaifunga kwa gundi, na nitampa Obeid, yule kijana wa jirani yetu wa zamani anayeendesha basi la asubuhi, akukabidhi mkononi. Isome peke yako chumbani. Ukimaliza ndipo uamue Mama umwambie nini na umwambieje.

Jambo lenyewe ni hii siku yangu ya kutoka eda. Nimechanganyikiwa, Dada, na sioni aibu kulisema. Eda ya aliyefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Hilo tumelijua tangu madrasa na hakuna anayelibishia. Ungedhani basi ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Muharami wangu alifariki mwezi wa saba, hesabu mbele, funga kitabu. Lakini kila mwenye mdomo katika familia hizi mbili amenipa siku yake, na hakuna wawili waliopata siku moja.

Shemeji Faraji, kaka yake marehemu, amefuata miezi ya kuandama akapata Jumamosi hii. Ameshaalika watu kwenye duwa, na turubai ameshalikodi. Wewe nawe ukanipigia ukasema la, ni Jumapili. Unakumbuka tulivyobishana? Jioni ile alipofariki ulikuwa nami kwenye simu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali nakwambia hali yake si nzuri, mara nikasikia kwenye simu yako adhana ya Magharibi, ya huko kwenu Iringa. Na hapo hapo muuguzi akatoka chumbani akanishika bega. Kwetu Mbeya jua lilikuwa halijazama. Nililiona dirishani, bado limekaa juu ya milima. Kwenu lilikuwa limeshatua. Basi Shemeji Faraji anasema marehemu alifariki Alhamisi, kwa sababu kwetu Magharibi ilikuwa haijaingia. Wewe unasema alifariki Ijumaa, kwa sababu adhana uliisikia kwa masikio yako mawili, na siku yetu Waislamu huanza jua likizama. Roho moja, siku mbili. Nilijaribu kukuambia kwamba jua la kuhesabiwa ni la pale alipofia mtu, si la pale anapopokelewa simu, ukaniambia nisikufundishe dini. Nikaliacha hapo, wewe ni mkubwa wangu.

Mama akakunyang'anya simu akasema sote hatujui kitu. Mwezi ni siku thelathini. Yeye amezaa watoto watano kwa miezi ya siku thelathini na hakuna aliyetoka mbichi. Kwake ni Jumatatu. Na Asukile, bosi wangu, ambaye ni Mmoravian na kabla ya msiba huu hakujua eda ni kitu gani, alitazama kalenda ya ukutani pale ofisini, akaruka miezi minne na siku kumi juu yake, akaniandikia kwamba ananitegemea kazini baada ya Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa hiyo tunayo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu na Alhamisi. Nilijiambia kwamba hawa wakiendelea hivi nitatoka eda kwa mafungu, leo mkono, kesho mguu.

Nikasema, sasa mimi kazi yangu ni nini? Wageni wakikuuliza huwa unawajibu kwamba mdogo wako anatengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta, Dada, naziandikia maelekezo ya kufanya. Na miezi yote hii niliyokaa ndani, kazi niliyopewa ni hiyo hiyo ya kuhesabu siku. Kuna kikundi cha wakulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni ambao ofisi yetu inawatengenezea programu ya simu: mkulima anaweka siku aliyopanda, simu inamwambia siku ya kupalilia, siku ya kukata maji, siku ya kuvuna. Kazi ndogo kuitamka. Mwezi wa tisa kiongozi wao, mzee mmoja anaitwa Marcelino, alinipigia kwa ukali akasema simu imemwambia avune vitunguu ambavyo bado ni majani matupu. Kumbe yeye aliweka siku aliyosia mbegu kitaluni, na programu inahesabu kuanzia siku miche inapohamishiwa shambani. Nilimwambia amekosea. Akaniambia mimi ndiye sikumuuliza vizuri. Tulikuwa tumekosea wote wawili, lakini yeye ndiye mwenye vitunguu.

Basi wiki iliyopita nikaacha vitunguu, nikajiandikia programu yangu ndogo ya eda. Nilitaka siku moja tu, isiyokuwa ya shemeji wala ya dada wala ya bosi, niwatumie nyote niseme hii hapa, mashine imesema, mashine haina upande. Nikaingiza siku aliyofariki Muharami. Nikaiambia iongeze miezi minne na siku kumi. Ikanijibu Jumatano, tarehe tatu Desemba.

Jumatano! Hata katika zile siku nne zenu haimo. Nikaiuliza ilianza kuhesabu lini, ikaniandikia kwamba Muharami alifariki Jumatano. Dada, hiyo Jumatano Muharami alikuwa hai. Asubuhi alinung'unika kwamba makande hayana chumvi. Akapanda juu kuziba lile tundu la bati, akashuka anaimba, na mimi nikamwambia asiimbe, majirani watadhani tuna sherehe. Kichwa kilimwanza Alhamisi mchana, na jioni hatukuwa naye. Na sasa mashine niliyoiandika mwenyewe, kwa vidole vyangu, inaninyang'anya siku nzima ya uhai wake kana kwamba nilikuwa nayo ya ziada. Nilifunga kompyuta kwa nguvu mpaka Bi Mwanahawa, mama mkwe wangu, akaja kutoka sebuleni kuuliza kimevunjika nini.

Kosa nililijua baadaye, nilipotulia. Nilikuwa nimeandika siku peke yake bila saa. Sasa kompyuta haiijui siku tupu. Ukiipa siku bila saa, inaweka saa sita ya usiku, pale Alhamisi inapoanzia kwa hesabu ya kizungu. Halafu ndani kwa ndani huwa inatunza kila kitu kwa saa ya Greenwich, kule Uingereza, walio nyuma yetu kwa saa tatu. Ilipokuwa kwetu inaanza Alhamisi, kule ilikuwa Jumatano saa tatu ya usiku. Basi mashine ikaandika Jumatano na haikuona ubaya. Nikacheka peke yangu kwa uchungu. Wewe ulimhesabia Muharami kwa jua la Iringa, mashine ikamhesabia kwa jua la Uingereza, na maskini mwenyewe alifia Mbeya.

Nilimpigia Asukile nikamweleza. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alisema kwanza pole, mwe, kama wanavyopoana kwao, halafu akasema saa ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba nimeichukua miezi minne na siku kumi nikaiyeyusha yote kuwa siku, kana kwamba mwezi ni debe na kila debe lina ujazo mmoja. Mwezi wa kalenda una siku zake, wa kuandama una zake, na huo wa kuandama hujui ni ishirini na tisa au thelathini mpaka watu wameuona. Kipindi cha namna hiyo, alisema, kiweke kama kilivyo, miezi mahali pake na siku mahali pake, wala usikigeuze kuwa namba mpaka umejua kinaanzia wapi na kwa kalenda ya nani. Halafu akaniuliza kitu kingine, kwa utaratibu wake wa kazi tu, bila nia mbaya. Aliuliza kama eda zote humalizika kwa siku kupita, au ipo inayomalizika kwa jambo kutokea, maana hivyo ni vitu viwili na haviandikwi kwa namna moja. Nikamwambia ipo. Mjane mwenye mimba hahesabu miezi. Eda yake ni mpaka ajifungue. Lakini hiyo hainihusu mimi. Akasema hata kama hainihusu niiandike, programu yenye adabu huuliza kwanza ndipo ihesabu.

Nikaiandika. Sasa ukiifungua programu yangu, kitu cha kwanza inakuuliza kama mjane ni mjamzito, ndiyo au hapana. Na mimi nikabonyeza hapana. Unajua swali hilo si geni kwangu. Sheikh wetu aliliuliza siku ya tatu ya msiba, akiwa barazani na wanaume, na kabla sijafungua mdomo Bi Mwanahawa akamjibu kutoka chumba cha pili kwamba hana kitu huyo, miaka minane hana kitu. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli miaka minane tulizunguka hospitali na kwa waganga na kwenye duwa, na mimi siku zangu hazikuwahi kunyooka tangu usichana, unalijua hilo. Wala sikumlaumu mtu. Hata mimi nilibonyeza hapana kama mtu anayeandika jina lake.

Baada ya kurekebisha yote hayo na kuipa miezi ya kuandama, mashine ilikubaliana na Shemeji Faraji: Jumamosi. Na hapa, Dada, nikwambie ukweli ambao nimekuwa nikiuzunguka. Nilikasirika. Nilikaa mbele ya jibu sahihi nikalichukia. Hapo ndipo nilipojijua kwamba sikuiandika programu ile ili nipate siku ya haki. Niliiandika nikitumaini itanipa siku ya mbali. Jumatano ile ya makosa niliikataa kwa sababu ya Muharami, lakini kabla sijauliza ilianzia wapi, moyo wangu ulikuwa umeshafurahi kidogo. Alhamisi ya Asukile niliipenda zaidi. Kama angetokea mtu wa sita akasema mwaka mpya ningempikia pilau.

Sitaki kuondoka hapa. Najua chumba mmekwishanipakia rangi, na Mama ameninunulia dera la kutokea edani, na gari, ile Noah, umeshaiagiza ije kunichukua. Nawapenda. Lakini Shemeji Faraji ameshaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba duwa ikiisha ndugu watakaa kuzungumzia nyumba, na mjane asiye na mtoto anarudi kwao akapumzike. Neno kupumzika analisema vizuri sana. Nyumba hii nilibeba maji ya kumwagilia kuta zake, Dada. Muharami alikuwa anakwenda vibarua vya ufundi wa mitambo wiki mbili tatu kule Mgololo, akirudi tunaongeza chumba, pesa ikikata tunasubiri. Nikitoka katika mlango huu na begi langu, sina hoja ya kurudia. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanikosesha usingizi, wala si ya mchaichai.

Sasa nakuja kwenye kile nilichokifungia bahasha kwa gundi.

Nina jirani yangu anaitwa Esnath, mama wa Kisafwa kutoka huko vilimani juu ya mji, anayelima njegere na viazi. Tangu nikae eda yeye ndiye ananiletea mboga, na kila akija ananiuliza upya kwa nini siendi sokoni mwenyewe. Nikimweleza anatikisa kichwa. Siku moja aliniuliza, "Sasa wewe ndo umemuua, mpaka wakufunge?" Nikacheka mpaka Bi Mwanahawa akanikoholea. Esnath huyo kwa wiki kadhaa alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni. Nilimwambia tumbo linanisumbua, linajaa gesi, kuna kitu kama kinaruka humo ndani nikilala, na kwamba ni vidonda vya tumbo vya msiba na kutokula. Akaitikia tu. Jana akaja asubuhi amevaa vizuri, akamwambia Bi Mwanahawa kwamba mimi naumwa na ananipeleka hospitali. Kwa ugonjwa mwenye eda anaruhusiwa kutoka, kwa hiyo mama mkwe hakuwa na neno. Nikajifunika vizuri nikaenda, nikijua naenda kupewa dawa za vidonda.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alinilaza akanipaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo chake. Halafu akaigeuza skrini upande wangu. Dada Hanifa, nina mimba. Mtoto yumo, ana kichwa, ana miguu, na hiyo gesi niliyokuwa nailalamikia ni yeye. Nilimwambia daktari arudie kutazama, huenda amemwona wa mgonjwa aliyetangulia. Akarudia. Hakucheka, Mungu ambariki.

Ningekwambia kwamba nilifurahi, lakini nikisema hivyo peke yake nitakuwa nimeruka kitu. Aliniuliza siku ya mwisho ya hedhi yangu ilikuwa lini, sikuikumbuka, basi akapima kwa mashine, akasema mimba ina wiki ishirini na moja na siku kidogo. Nami kwa ugonjwa wangu huu wa kuhesabu nikaanza kurudi nyuma kwa vidole pale pale kitandani. Wiki ishirini na moja nyuma ni mwanzo wa mwezi wa saba. Mwanzo wa mwezi wa saba Muharami hakuwa Mbeya. Alikuwa Mgololo, alikwenda katikati ya mwezi wa sita, hakurudi hata siku moja katikati, akaja tarehe tisa. Kila mtu wa nyumba hii anajua, maana aliporudi alimletea mama yake asali na Shemeji Faraji ndiye aliyempokea stendi. Dada, sijawahi kumjua mwanamume mwingine. Wewe unanijua. Lakini nililala pale na jasho linanitoka, najitazama kama mshitakiwa, nikatafuta kosa langu na sikulipata, na bado hesabu ilikuwa inanikataa. Kwa dakika moja niliamini mashine kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Daktari alipoona nimebadilika akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwa sauti ya chini. Akanieleza kwamba wao hawahesabu mimba kuanzia ilipotungwa, kwa sababu siku hiyo haionekani na mtu. Wanahesabu kuanzia hedhi ya mwisho, ambayo huonekana. Kwa hiyo katika kila mimba duniani wiki mbili za kwanza ni za mtoto ambaye bado hayupo. Akatoa hizo wiki mbili mbele yangu, na tukafika kwenye siku chache baada ya Muharami kurudi. Nilimwomba anirudie mara tatu. Nikashuka kitandani nalia. Esnath akanishika mkono, akasema kwao mtu akilia akiwa na mimba mtoto anakuwa mkorofi, kwa hiyo ninyamaze. Sikunyamaza.

Sasa unaona kwa nini nakuandikia wewe. Jambo hili mimi siwezi kumwambia Bi Mwanahawa uso kwa uso. Si mila na sina ulimi huo. Ni la mama kumwambia mama. Lakini likisemwa vibaya litaniua. Shemeji Faraji ni mtu mwema, ila ni mtu wa hesabu, na akisikia wiki ishirini na moja atafanya nilichofanya mimi kitandani, atarudi nyuma kwa vidole mpaka Mgololo, na atakaposimama hapo sitakuwepo kumshika mkono. Kwa hiyo nakuomba Mama asitaje wiki kabisa. Aseme Naima ana ujauzito wa marehemu, alioacha baada ya kurudi safari, na akiulizwa zaidi aseme hospitali huanza kuhesabu kabla mtoto hajawepo, na kwamba mtu akitaka aende akamuulize daktari mwenyewe. Mfundishe Mama maneno hayo mpaka ayashike. Unamjua, ataingiza ile habari yake ya siku thelathini. Na nakuomba asimpigie Bi Mwanahawa kwa spika.

Barua hii itakufikia kesho Alhamisi, ikikawia sana Ijumaa. Ni lazima Bi Mwanahawa ajue kabla ya Jumamosi. Duwa isomwe, watu wameshaalikwa na marehemu anaihitaji, lakini isiwe ya kunitoa mimi. Mwenye Noah mwambie asije. Dera lihifadhiwe. Jumamosi ya shemeji, Jumapili yako, Jumatatu ya Mama, zote zimekuwa bure, na mimi niliyebonyeza hapana ndiye niliyekosea kuliko nyote. Sheikh atasema lile lile tunalolijua: eda yangu ni mpaka nijifungue. Daktari anasema mwanzoni mwa mwezi wa nne, lakini hilo nalo ni kisio, mtoto haangalii kalenda. Na nyumba haiwezi kuzungumziwa huku mwenyewe yumo tumboni.

Ukiniuliza najisikiaje, sijui. Jana jioni nilicheka, nikaogopa, nikamkasirikia Bi Mwanahawa kwa lile jibu lake la siku ya tatu, halafu nikamwonea huruma, maana mwanawe amekufa na hajui kwamba amebaki kidogo. Anapita hapa mlangoni sasa hivi ninavyoandika, ananiuliza kama nimekula. Nimemwambia nimekula. Nataka kumwambia na sithubutu.

Kuna hesabu moja nimeifanya bila programu, na sijamwambia Asukile wala daktari. Muharami alirudi kutoka Mgololo Jumatano moja, na akafariki Alhamisi ya wiki mbili baadaye. Mahali fulani katikati ya siku hizo mtoto wake alianza. Kwa hiyo zipo siku, pengine kumi na mbili, pengine ni tano tu, ambazo Muharami alikuwa baba na yu hai. Miaka minane aliomba siku hizo. Akazipata, akazipitisha akiziba bati na kulalamikia chumvi, na mimi nikamwambia asiimbe. Zilianza lini sitajua kamwe, hakuna mashine inayoweza kunipa. Najua tu kwamba Jumatano ile ya makande ilikuwa mojawapo.

Basi Dada, nakomea hapa, mkono umechoka na Obeid hapendi kungoja. Nibusie mikono ya Mama, na magoti yake. Shemeji na watoto wape salamu zangu, na watoto usiwaambie kitu bado. Wateja wako nao wasalimie, hasa yule wa mchaichai. Niombee, na mwombee marehemu. Allah akulinde mpaka tutakapoonana, na safari hii mtakuja nyinyi kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Naima, ambaye bado nimo edani.